Steringi ni Msichana: Mwongozo Kamili wa Kumchagulia Msomaji Mgeni Kitabu cha Katuni

Mwongozo huu ni wa yeyote hapa Kigoma anayeulizwa "nianze na kipi?": mwalimu, mkutubi, mwenye steshenari, shangazi mwenye simu na bando. Anayeuliza kasikia kwamba siku hizi kuna vitabu vya katuni ambavyo steringi wake ni msichana, naye hajawahi kusoma katuni yoyote zaidi ya zile za gazetini. Wengi wetu humjibu kwa orodha. Orodha ya vitabu kumi haimsaidii mgeni. Inamrudishia kazi ya kuchagua, na kazi hiyo ndiyo iliyomleta kwako. Mpe kitabu kimoja. Hatua zote za humu ni za kukufikisha kwenye hicho kimoja na kuhakikisha anakimaliza.

Hatua ya 1: Muulize anachotazama

Usimuulize anapenda vitabu gani. Angekuwa navyo asingekuja. Muulize anatazama nini. Binti wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, anayezijua sinema zote zilizotafsiriwa za kibanda umiza cha mtaani kwao tayari anajua hadithi inavyokwenda: steringi ana shida gani, adui ni nani, kisasi kinalipwaje. Huyo unaweza kumpa kitabu cha mapambano moja kwa moja. Anayefuatilia tamthilia, yule anayeweza kukusimulia nani kamsaliti nani tangu mwezi uliopita, mapambano yatamchosha. Mtafutie hadithi ya mtaa, ya majirani na wachumba wasioeleweka. Mtoto mdogo mara nyingi anataka vichekesho vifupi, na kama kuna mnyama ndani, kazi yako imeisha nusu.

Uliza pia atasoma na nani. Mwanafunzi wa darasa la tano anayebaki na wadogo zake jioni atasoma kwa sauti, wenzake wakichungulia begani kwake. Kitabu chake kiwe na picha kubwa, na kisiwe na ukurasa wa kumlazimisha aufunike kwa mkono.

Na kijana wa kiume akija na swali hilohilo, mjibu kama ulivyomjibu dada yake. Wavulana husoma habari za wasichana bila tatizo lolote mpaka pale mtu mzima anapowatania.

Hatua ya 2: Pima lugha, usikisie

Hapa ndipo Kigoma inapotofautiana na miji mingine. Mtoto anaweza kuzungumza Kiha nyumbani na kusoma Kiswahili shule ya msingi, kisha akakutana na Kiingereza cha masomo yote kidato cha kwanza. Jirani yake aliyetoka Burundi au Kongo, awe mjini au katika kambi ya Nyarugusu kule Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996, huenda anasoma Kifaransa vizuri kuliko Kiingereza. Katuni nyingi mpya zenye steringi wa kike zimechapishwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijapani. Za Kiswahili ni chache. Kwa hiyo lugha ndiyo itakayoamua kitabu, kabla hata ya hadithi.

Kipimo ni hiki. Fungua kitabu katikati, kwa sababu ukurasa wa kwanza hudanganya: mara nyingi una picha kubwa na maneno mawili. Mwambie asome kimya na akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Kwenye kitabu cha kawaida walimu wengi huhesabu vidole vitano kuwa dalili kwamba ni kigumu. Ukurasa wa katuni una maneno machache, kwa hiyo mimi naishia vitatu. Lakini neno ambalo picha inalieleza lisihesabiwe. Msichana hajui "umbrella", ila anamwona mtu kaushika mwavuli kwenye mvua, hilo ameshalijua. Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayezama kwenye Kiingereza, faida kubwa ya katuni ni hiyo: picha inamfundisha neno bila kumfanya afungue kamusi kila mstari.

Akikunja vidole vyote vitatu, usimwambie "hiki ni kikubwa kwako". Sema tu, "tuanze na hiki chenye hadithi fupifupi", na umpe chepesi zaidi.

Hatua ya 3: Mkague steringi mwenyewe

Msichana kuwekwa kwenye jalada hakumfanyi kuwa steringi. Soma kurasa kumi za mwanzo ukitafuta mambo mawili. Je, kuna kitu anachokitaka, chake mwenyewe? Je, kuna uamuzi anaoufanya ambao bila huo hadithi isingesogea? Kama anafuata tu, anaokolewa tu, analia tu mpaka kaka mtu afike, weka pembeni.

Kuna kipimo kingine kilichozaliwa ndani ya katuni yenyewe. Mwaka 1985 mchoraji Mmarekani Alison Bechdel alichora mhusika anayesema kwamba haendi kuona filamu isipokuwa ina wanawake wawili, wanazungumza wao kwa wao, na wanazungumza jambo lisilo mwanaume. Kitumie kama chujio la haraka tu. Kitabu kizuri kinaweza kukwama hapo na kibaya kikapita.

Angalia na mchoro. Msichana anapopigana, je, unaona ngumi imetoka wapi na imetua wapi, au unaonyeshwa kiuno chake? Mashujaa wa kike hawakuanza jana. Wonder Woman yupo tangu 1941. Kilichobadilika zaidi katika miaka hii ya karibuni ni wanawake wengi zaidi kushika kalamu, na binti wa kawaida mwenye kazi za shule na mama mkali kuwa ndiye hadithi yenyewe. Mimi binafsi namtilia shaka steringi asiyekosea kamwe. Msomaji mgeni hupenda anayevuruga mambo kisha akahangaika kuyatengeneza.

Hatua ya 4: Hakikisha ni mwanzo kweli

Wageni wengi hupotelea hapa, hasa kwenye katuni za Marekani. Kule hadithi hutoka kwanza kama vijarida vyembamba vya kila mwezi, halafu vitano au sita hukusanywa kuwa kitabu kimoja. Usimpe mgeni kijarida kimoja kilichookotwa katikati. Mpe kitabu kilichokusanywa, kilichoandikwa namba 1.

Namba nayo ina vituko vyake. Makampuni huanza kuhesabu upya kila yanapotaka kuvuta wanunuzi wapya, kwa hiyo mhusika mmoja anaweza kuwa na "namba 1" kadhaa. Majina pia hurithiwa. Ms. Marvel wa miaka ya 1970 alikuwa Carol Danvers, mwanamke mtu mzima. Mwaka 2012 Carol akawa Captain Marvel, na mwaka 2014 jina la Ms. Marvel likachukuliwa na Kamala Khan, msichana wa miaka 16. Ukimwambia mtu "tafuta Ms. Marvel" bila kutaja Kamala, ataletewa kitabu cha mtu mwingine.

Za Kijapani husomwa kuanzia kulia kwenda kushoto, hata zikitafsiriwa. Ni nzuri sana, ila zifanye kuwa kitabu cha pili au cha tatu.

Hatua ya 5: Kipi kwa nani

Mtoto anayesoma Kiswahili peke yake, darasa la pili hadi la nne, mwanzie kwenye hadithi za picha za bure. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, na StoryWeaver ya India wana hadithi za Kiswahili mtandaoni, nyingi zikiwa na wasichana kama wahusika wakuu. Si katuni za visanduku, ila zinamzoesha kusoma picha na maneno kwa pamoja, na unaruhusiwa kuzichapa.

Kisha kuna Pepper&Carrot ya Mfaransa David Revoy, iliyoanza mwaka 2014: binti mdogo aitwaye Pepper, paka wake Carrot, na dawa za ajabu zinazoharibika kila mara. Vipande vya mwanzo ni vifupi mno, unamaliza kimoja wakati chai inapoa. Uzuri wake kwetu ni leseni. Msanii ameruhusu kazi yake itafsiriwe, ichapwe, hata iuzwe, mradi atajwe na useme umebadilisha nini. Picha zisizo na maneno zinapatikana, kwa hiyo mwalimu anaweza kukaa na wanafunzi, wakajaza vipovu kwa Kiswahili chao na kuchapa bila kumwibia mtu. Chapa kwa rangi ukiweza. Fotokopi nyeusi inaziua picha za usiku. Tahadhari moja: Pepper ni mchawi. Kwao ni mchezo wa hadithi. Katika mikoa yetu ya magharibi uchawi ni tuhuma iliyowahi kuwagharimu vikongwe maisha yao. Mzazi aone kwanza kurasa zenyewe, aone kwamba ni vichekesho vya chungu kinacholipuka, ndipo mtoto apewe.

Kwa wa darasa la tano hadi kidato cha kwanza chaguo langu la kwanza kabisa ni Akissi, wa Marguerite Abouet, mwandishi aliyezaliwa Abidjan, na mchoraji Mathieu Sapin. Kilianza kutoka Ufaransa mwaka 2010 na kipo kwa Kiingereza pia. Akissi ni mtundu, ana kaka anayeitwa Fofana asiyetaka kuandamana naye, na nyani mdogo, Boubou. Hadithi ni za kurasa chache na kila moja inaisha, kwa hiyo msomaji mgeni anapata ushindi mapema. Moja ina paka wa mtaa wanaomwinda Akissi kwa ajili ya samaki wake. Mtoto aliyekulia karibu na dagaa waliotandazwa mchangani Kibirizi hahitaji kuelezwa chochote. Uwanja wa vumbi na mama anayeita kwa sauti atavitambua pia. Ucheshi wake wakati mwingine ni wa uchafu-uchafu. Watoto hawalalamiki.

Anayependa mapambano na anayejua Kiingereza kidogo, hasa mvulana anayesita, mpe Moon Girl and Devil Dinosaur, iliyoanza 2015. Lunella Lafayette ni mtoto mweusi wa New York mwenye miaka tisa, fundi wa kutengeneza mitambo, ambaye anajikuta na rafiki ambaye ni dainosori mwekundu. Mchoraji wake, Natacha Bustos, anaifanya barabara ya mjini ijae vurugu bila wewe kupoteza nani yuko wapi. Hilda wa Mwingereza Luke Pearson namtunzia mtoto mpole apendaye milima na viumbe wa ajabu.

Kidato cha pili na kuendelea, Kamala Khan. Kitabu cha kwanza kinaitwa No Normal, kimeandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa na Adrian Alphona, na mwaka 2015 kilipata tuzo ya Hugo. Kamala anaishi Jersey City na wazazi waliotoka Pakistan. Nyumbani kuna swala, kuna kaka mshika dini kupita wote, kuna rafiki anayevaa hijabu kwa hiari yake, kuna baba anayemkataza kwenda sherehe usiku. Kwa msomaji wa Ujiji, mji wenye Uislamu wa tangu enzi za misafara, nyumba hiyo si ngeni hata kidogo. Lakini jua kwamba kitabu kinafunguka Kamala akinusa kwa hamu mkate wenye nyama ya nguruwe, bila kuula, na baadaye anatoroka usiku. Msomaji mmoja atacheka, mwingine atafunga kitabu. Mwambie mapema, na mzazi naye ajue.

Aliyemwona Shuri, dada wa mfalme, kwenye filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 na akampenda anaweza kupewa Shuri ya Nnedi Okorafor, iliyoanza mwaka huohuo. Ila inadhani unaijua Wakanda, nchi ya kubuni anakotoka Shuri, kwa hiyo asiyeijua asianzie hapo.

Mpenzi wa tamthilia, kidato cha tatu hadi mtu mzima, ana kitabu chake: Aya wa Yopougon, wa Abouet huyohuyo na mchoraji Clément Oubrerie. Kilianza 2005, kikapata tuzo ya kitabu cha kwanza kwenye tamasha la katuni la Angoulême, Ufaransa, mwaka 2006, kikasimama kwa miaka mingi, kikarudi 2022. Ni Abidjan ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Aya anataka kusoma udaktari; rafiki zake Adjoua na Bintou wanataka muziki na vijana wenye magari. Kuna mimba isiyotarajiwa na baba wa mtoto asiyejulikana vizuri, ndiyo maana sikiweki kwa wadogo. Mwanamke wa makamo anayesema "mimi si mtu wa katuni" mpe hiki na usimwambie lolote zaidi. Na kwa anayesoma Kifaransa, Aya na Akissi viliandikwa kwa lugha hiyo, kwa hiyo jirani wa kutoka Bujumbura au Uvira anapata kitabu chenyewe, na kwa mara moja yeye ndiye anayewasomea wengine.

Persepolis ya Marjane Satrapi, kuhusu utoto wake Iran, ni nyeusi na nyeupe, michoro yake ni rahisi kufuatwa, na inaleta vita na mateso ya magerezani bila kuficha. Watu wazima tu.

Nje kidogo ya mada: Nyarugusu wanaulizia sana hadithi za kambini. When Stars Are Scattered ya mwaka 2020, ya Victoria Jamieson na Omar Mohamed, ni maisha ya Omar mwenyewe katika kambi ya Dadaab, Kenya. Steringi ni mvulana. Ningempa msichana hata hivyo.

Hatua ya 6: Mfundishe ukurasa

Dakika chache zinatosha. Kaa naye, pitisha kidole: kisanduku cha juu kushoto, kisha kulia, kisha shuka. Ndani ya kisanduku, kipovu kilicho juu zaidi kinasemwa kwanza. Kipovu chenye ncha-ncha ni kelele, chenye mawingu ni mawazo, boksi la mstatili ni msimulizi. Halafu muulize kitu kimoja: "Kati ya picha hii na ile, nini kimetokea ambacho hakikuchorwa?" Akijibu, amekwisha kujua kusoma katuni. Usiendelee kufundisha.

Hatua ya 7: Namna ya kukisema

Sentensi tatu: ni nani, ana balaa gani, kwa nini nimekufikiria wewe. "Huyu ni binti mtundu kama yule mdogo wako. Ana samaki, paka wa mtaa mzima wanamtaka huyo samaki. Nimekumbuka ulivyonisimulia habari za paka wenu." Basi. Ukisema "kina mafunzo mazuri", umekiua; kila mtoto aliyepita shule anajua sentensi hiyo inaelekea wapi. Usimwambie pia kwamba amsome kwa sababu ni msichana mwenzake. Atajionea.

Hatua ya 8: Mzazi anayeona ni upuuzi

Ana sababu. Kizazi cha wazazi wetu kilikua na gazeti la katuni la Sani, pamoja na wahusika wake Lodi Lofa, Kipepe, Ndumilakuwili, Madenge na Pimbi. Walicheka sana, lakini mengi mle yalikuwa ya watu wazima, na hao wote ni wanaume. Mzazi akisikia "katuni" anakumbuka hayo. Usibishane. Mwambie, "Mama, kaa nacho wewe leo, mtoto atakuja kukichukua kesho." Wengi hurudi wakiwa wamekimaliza. Akikataa baada ya kusoma, hilo ni neno lake, badilisha kitabu. Usimpitishie mtoto kwa mlango wa nyuma, maana siku kikigundulika utapoteza watoto wa mtaa mzima.

Hatua ya 9: Kukipata na kukitunza

Anza maktaba ya mkoa, na uliza hata kama rafu hazionyeshi. Wakutubi huagiza wanavyoombwa. Vingine vitakuja kwa parseli ya basi au treni kutoka Dar es Salaam. Mnunuzi wako huko mwandikie jina la mwandishi, jina la steringi na namba ya kitabu, na muombe picha ya jalada kabla hajalipa. Kwenye simu, pakua mapema penye intaneti nzuri, kisha msomaji aigeuze simu kwa ubavu na kukuza nusu ya ukurasa kwa wakati mmoja. Ukurasa mzima kwenye kioo kidogo unamfanya msomaji mgeni aache.

Kitabu cha kuazimisha kivishe nailoni siku hiyohiyo kinapofika. Mawese hayatoki kwenye karatasi. Masika usikiegemeze ukutani, na kwenye daftari andika jina, tarehe, na darasa la aliyechukua.

Hatua ya 10: Kikirudi

Usimtungie mtihani. Uliza, "Ukurasa gani uliurudia?" na umwache aufungue mwenyewe. Jibu lake linakuambia kitabu kinachofuata: akikuonyesha vita, unajua, akikuonyesha Bintou akijipamba, unajua pia. Aliyemaliza mpe namba 2 papo hapo akiwa bado na hamu. Aliyeishia njiani mpokee bila maswali mengi, ila muulize aliachia wapi, uandike ukurasa huo daftarini. Wasomaji kadhaa wakiachia ukurasa uleule, usiwalaumu; kipandishe kitabu hicho kwa wakubwa zaidi, au ukae na anayefuata msome pamoja kurasa hizo mbili tatu ngumu.